Ulaya na Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo huibuka kila taarifa ya habari inapotaja NATO (jumuiya ya kujihami ya nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini), ushuru au Greenland. Maoni yamo ndani yake na sikuyaficha.

Uhusiano huu ulianzia wapi?

Biashara na uhamiaji kati ya pande hizi mbili za Atlantiki ni vya karne nyingi, lakini mpangilio tunaouona leo ulizaliwa kati ya 1947 na 1949. Tarehe 5 Juni 1947 George Marshall, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alihutubia Chuo Kikuu cha Harvard akatangaza nia ya kuifufua Ulaya iliyokuwa magofu. Kuanzia 1948 hadi 1952 Marekani ilitoa dola bilioni 13 na ushei. Wengi huziita sadaka. Ukweli ni kwamba viwanda vya Marekani vilihitaji wateja, na wateja wa Ulaya hawakuwa na dola. Tena vyama vya kikomunisti vilikuwa na nguvu Ufaransa na Italia, na Washington iliogopa kwamba njaa ingevipigia kampeni.

Tarehe 4 Aprili 1949 nchi 12 zikatia saini mkataba wa NATO jijini Washington. Leo wanachama ni 32. Wa mwisho kuingia ni Finland, Aprili 2023, na Sweden, Machi 2024, nchi mbili zilizokaa nje miongo yote ya Vita Baridi.

Makubaliano yenyewe hayakuandikwa popote kwa maneno haya, ila kila mtu aliyaelewa: Marekani inailinda Ulaya, na Ulaya inakubali Marekani iongoze. Karibu kila ugomvi utakaousoma hapa chini ni ugomvi wa bei ya makubaliano hayo.

Ibara ya 5 ya mkataba wa NATO inasema nini hasa? Akipigwa mmoja, wote lazima wapigane?

Inasema shambulio dhidi ya mwanachama mmoja wa Ulaya au Amerika ya Kaskazini litahesabiwa kuwa shambulio dhidi ya wote. Hapo ndipo wengi wanapoishia kusoma. Sentensi inaendelea: kila mwanachama atachukua hatua anayoona inafaa, ikiwemo kutumia silaha. Kwa hiyo kutuma majeshi ni hatua mojawapo tu kati ya nyingi, na mkataba haumlazimishi yeyote kuichagua. Maneno hayo yaliwekwa makusudi, kwa kuwa Baraza la Seneti la Marekani lisingekubali mkataba unaoiingiza nchi vitani bila idhini ya Bunge.

Nguvu ya ibara hii basi haiko kwenye karatasi. Iko kwenye imani ya adui kwamba Wamarekani watakuja kweli. Ndiyo maana kauli ya kizembe ya rais mmoja inaweza kuidhoofisha bila herufi moja kubadilishwa.

Imetumika mara moja tu katika historia yote, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na aliyesaidiwa ni Marekani. Denmark, nchi yenye watu wapatao milioni 6, ilipoteza askari 43 Afghanistan. Likumbuke jina la Denmark, tutalirudia kwenye Greenland.

Ugomvi wa sasa ni mpya?

Hapana. Mwaka 1956 Uingereza na Ufaransa, zikishirikiana na Israeli, ziliivamia Misri baada ya Nasser kutaifisha Mfereji wa Suez. Rais Eisenhower alikasirika, akaibana Uingereza kwenye fedha pauni ilipokuwa inaporomoka, na majeshi yakarudi nyumbani. London ilijifunza isiende kinyume na Washington tena. Paris ilipata funzo tofauti kabisa: usimtegemee Mmarekani. Tofauti hiyo ya mafunzo bado inaonekana hadi leo.

Mwaka 1966 Rais de Gaulle aliiondoa Ufaransa kwenye kamandi ya pamoja ya NATO na kuwataka askari wa kigeni waondoke nchini. Makao makuu yakahama Paris kwenda Brussels. Ufaransa ilibaki mwanachama, lakini haikurudi kwenye kamandi hiyo hadi 2009.

Kisha vita vya Iraq, 2003. Chirac wa Ufaransa na Schröder wa Ujerumani walikataa, Blair wa Uingereza akaenda. Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, aliwabeza waliokataa kuwa ni “Ulaya ya zamani”. Kwenye mkahawa wa Baraza la Wawakilishi mjini Washington chipsi, ambazo Wamarekani huziita za Kifaransa, zikabatizwa “chipsi za uhuru”. Wanasiasa wazima waliamua hilo.

Basi 2025 kilibadilika nini?

Katika magomvi yote hayo ya zamani hakuna upande uliohoji kama mwenzake bado ni rafiki. Mwaka 2025 swali hilo liliulizwa hadharani, tena ndani ya wiki mbili za mwezi Februari.

Tarehe 14 Februari, Makamu wa Rais wa Marekani, JD Vance, alisimama kwenye Mkutano wa Usalama wa Munich. Ukumbi ulitarajia kusikia habari za Urusi na Ukraine. Vance akasema tishio linalomtia wasiwasi zaidi kuhusu Ulaya linatoka ndani yake yenyewe, akataja uhuru wa maoni na uchaguzi wa Romania uliofutwa Desemba 2024. Zilikuwa zimebaki siku tisa tu Wajerumani wapige kura, naye akakutana na kiongozi wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia ambacho vyama vingine vyote vikubwa vya Ujerumani vimeapa kutoshirikiana nacho serikalini.

Tarehe 28 Februari ikaja ile picha ya Rais Zelensky wa Ukraine akikaripiwa White House mbele ya kamera. Lakini kwa maoni yangu yaliyofuata yaliitisha Ulaya zaidi ya makaripio: mapema Machi Marekani ilisimamisha msaada wa silaha kwa Ukraine, kisha ikasimamisha pia kuipatia taarifa za kijasusi. Ilidumu kama wiki moja. Wiki hiyo ilitosha kwa kila jenerali wa Ulaya kujiuliza ni vifaa vyangu vingapi vinategemea mtu wa Washington asibadili mawazo.

Jibu lilitoka Berlin. Friedrich Merz, mwanasiasa wa kihafidhina aliyejenga jina lake akiwa mpenzi mkubwa wa Marekani, alisema usiku uleule wa ushindi wake wa Februari 23 kwamba Ulaya inapaswa kupata uhuru wake kutoka kwa Marekani hatua kwa hatua. Mwezi Machi Ujerumani ilibadili katiba yake, ikalegeza breki ya madeni iliyowekwa 2009 ili fedha za ulinzi zinazozidi asilimia 1 ya pato la taifa zisibanwe tena na kikomo hicho. Palepale ukaundwa mfuko wa euro bilioni 500 wa miundombinu. Anayewajua Wajerumani na woga wao wa kukopa ataelewa kwamba hawakufanya hivyo kwa hasira za siku moja.

Si ni Trump tu? Akiondoka mambo si yatarudi kama zamani?

Sidhani. Malalamiko ya Marekani ni ya kale kuliko Trump. Mwaka 1971 Seneta Mike Mansfield wa chama cha Democratic alitaka idadi ya askari wa Marekani waliokuwa Ulaya ipunguzwe kwa nusu, akashindwa kwa kura. Obama alitangaza 2011 kwamba macho ya Marekani yanageukia Asia. Mwaka huohuo Waziri wake wa Ulinzi, Robert Gates, alipokuwa anaaga, aliwaonya Wazungu mjini Brussels kwamba huenda kizazi kipya cha viongozi wa Marekani, wasioikumbuka Vita Baridi, kikaona gharama hii haina faida. Biden, aliyependwa sana Ulaya, naye alitangaza mwaka 2021 mkataba wa AUKUS na Uingereza na Australia, na Ufaransa ikapoteza zabuni kubwa ya kuiuzia Australia nyambizi. Paris ilimwita nyumbani balozi wake wa Washington, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mshirika huyo mkongwe.

Tofauti ya Trump ni kwamba analivisha hilo jambo la kale lugha ya dharau, na anaweza kuamka nalo saa kumi alfajiri kwenye mtandao. Rais ajaye anaweza kuwa na adabu zaidi. China, inayoivuta Marekani kuelekea Asia, haitakuwa imepungua.

Asilimia 2, asilimia 5: Ulaya inailipa Marekani fedha hizo?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. NATO si mchezo wa upatu ambamo kila mwezi kila mtu anatia mchango kwenye kapu na anayechelewa anadaiwa. Ipo bajeti ndogo ya pamoja ya ofisi na kamandi, basi. Asilimia inayozungumzwa ni sehemu ya pato la taifa ambayo kila nchi inatumia kwa jeshi lake yenyewe: mishahara, risasi, mafuta, vifaru. Anayesema Ujerumani “inadaiwa na Marekani” anasema kitu kisichokuwepo kwenye kitabu chochote cha hesabu.

Lengo la asilimia 2 lilikubaliwa kwenye mkutano wa Wales mwaka 2014, miezi michache baada ya Urusi kuichukua Crimea. Juni 2025 huko The Hague lilipandishwa hadi asilimia 5 ifikapo 2035: asilimia 3.5 kwa jeshi lenyewe, na 1.5 kwa mambo ya jirani kama barabara na madaraja yanayobeba vifaru au ulinzi wa mitandao. Hiyo 1.5 ni ya kuangalia kwa jicho la pili, maana waziri wa fedha mjanja anaweza kuingiza humo daraja ambalo angelijenga hata hivyo. Uhispania ilisema wazi kwamba haitafika 3.5.

Rais wa Marekani anaweza kuitoa nchi yake NATO?

Kwa mujibu wa Ibara ya 13 ya mkataba, nchi inaweza kujitoa mwaka mmoja baada ya kutoa taarifa, na taarifa hiyo hupelekwa kwa serikali ya Marekani, ambayo ndiyo mtunzaji wa mkataba. Yaani Marekani ikitaka kutoka itajiandikia barua yenyewe.

Kuna kizingiti cha ndani pia. Desemba 2023 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachomkataza rais kuitoa nchi bila theluthi mbili ya Seneti au sheria ya Bunge. Mmoja wa maseneta wawili waliokiasisi ni Marco Rubio, ambaye baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Trump. Iwapo mahakama zitakubali kifungu hicho kimfunge rais ni jambo ambalo halijajaribiwa. Lakini rais hahitaji kujitoa rasmi. Akiondoa askari na kusema hana uhakika kama atakuja, mkataba utabaki mzima na ulinzi utakuwa umekwisha.

Kwenye biashara, nani anamnyonya nani?

Inategemea unahesabu nini. Ukihesabu bidhaa peke yake, mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliuza Marekani zaidi ya ulivyonunua, kwa tofauti ya karibu euro bilioni 200. Ukihesabu huduma, yaani programu za kompyuta, matangazo ya mtandaoni, malipo ya hakimiliki na huduma za benki, mambo yanageuka, na Marekani inaongoza kwa zaidi ya bilioni 100. Trump husoma ukurasa wa kwanza. Brussels hupenda kusoma yote miwili.

Aprili 2, 2025 alitangaza ushuru wa asilimia 20 kwa bidhaa za Ulaya. Baada ya miezi ya vitisho, Julai 27 yeye na Ursula von der Leyen, mkuu wa Kamisheni ya Umoja wa Ulaya, walipeana mkono kwenye uwanja wake wa gofu wa Turnberry, Scotland: asilimia 15 kwa bidhaa nyingi za Ulaya yakiwemo magari, na Ulaya ikaahidi kufuta ushuru wake kwa bidhaa za viwandani za Marekani na kununua nishati ya dola bilioni 750. Waziri Mkuu wa Ufaransa wa wakati huo, François Bayrou, aliiita siku ya giza. Mimi naona Ulaya ilinunua kitu hapo, na kitu hicho hakikuwa kwenye orodha ya bidhaa: ilitaka Marekani isiitupe Ukraine. Ukiwa na askari wa mwenzako wanaokulinda, huwezi kujadiliana naye bei ya magari kama watu mlio sawa.

Ni kweli kuna ushuru uliotokana na kuku?

Kweli kabisa, na bado upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa kisasa wa Marekani, wa bei nafuu, walijaa kwenye masoko ya Ujerumani Magharibi. Wafugaji wa Ulaya wakalia, na jumuiya yao ya kiuchumi ikapandisha ushuru. Rais Johnson alilipiza mwishoni mwa 1963 kwa kuweka asilimia 25 kwenye vitu vinne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na magari madogo ya mizigo. Hayo magari yalilengwa kwa ajili ya Volkswagen. Vitu vitatu vya kwanza viliondolewa baadaye. Pikapu zikabaki. Hii ni sababu mojawapo ya Wamarekani kutoziona kwenye maduka yao Hilux tunazozipanda huku kila siku, maana kipigo kilichokusudiwa Wajerumani kiliwapata Wajapani.

Na kampuni za Marekani zenyewe zilianza kuukwepa. Ford ilikuwa inatengeneza vani zake za Transit Connect Uturuki, inazipakia melini zikiwa na viti vya nyuma na mikanda ili zihesabiwe kuwa gari za abiria, zinalipiwa asilimia 2.5 bandarini, kisha viti vinang'olewa na gari inauzwa kama ya mizigo. Serikali na Ford zilivutana mahakamani miaka mingi. Mwaka 2024 Ford ilikubali kulipa dola milioni 365. Ukisikia mtu anasema ushuru wa sasa utaondoka akibadilika rais, mkumbushe hao kuku.

Greenland imeingiaje humu?

Greenland ni sehemu ya Ufalme wa Denmark, ina watu wapatao 57,000 na serikali yake ya ndani. Wazo la kuinunua si la Trump: Truman alitoa dola milioni 100 mwaka 1946, akakataliwa. Denmark iliwahi kuuza visiwa kwa Marekani kweli, vile vya Virgin huko Karibi, mwaka 1917 kwa dola milioni 25.

Kinachoshangaza ni kwamba Marekani tayari ina karibu kila kitu inachodai kukihitaji pale. Mkataba wa 1951 unairuhusu kuwa na kambi, na ipo hadi leo Pituffik, kaskazini kabisa. Trump alipouliza bei mwaka 2019 na Waziri Mkuu Mette Frederiksen akaliita wazo hilo upuuzi, Trump alifuta ziara yake ya Copenhagen. Mwaka 2025 alilirudisha na safari hii hakukanusha kutumia nguvu. Ni mwanachama wa NATO akimtishia mwanachama mwenzake, yule yule aliyezika askari 43 kwa ajili yake. Mkataba haukuandikwa kwa ajili ya kisa kama hicho.

Ulaya inaweza kujilinda yenyewe?

Kwa idadi ya watu na utajiri, ndiyo. Kwa vifaa, bado. Ufaransa ina vichwa vya nyuklia karibu 290 na Uingereza karibu 225, lakini makombora ya Trident yanayobeba vichwa vya Uingereza yanatoka Marekani. Ndege za kujaza mafuta angani, setilaiti za kuona mapema na mitambo ya kuzuia makombora vyote vinaiegemea Marekani mno. Nchi nyingi za Ulaya pia zimeshanunua ndege za kivita za F-35, ambazo vipuri na programu zake vinatoka Marekani. Umoja wa Ulaya umeanzisha mfuko wa mikopo ya ulinzi wa euro bilioni 150, lakini kiwanda cha mizinga hakijengwi kwa tangazo.

Haya yote yanatuhusu nini Afrika Mashariki?

Yanatuhusu tangu zamani. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 iliitambua Ujerumani Mashariki, wakati Ujerumani Magharibi, mshirika wa NATO, ilikuwa inakata uhusiano na nchi yoyote inayofanya hivyo. Muungano ulipoundwa, Tanzania ilijikuta imeurithi ugomvi huo. Mwaka 1965 iliruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki ufunguliwe Dar es Salaam. Serikali ya Bonn, yaani ya Ujerumani Magharibi, ikasitisha msaada wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawajibu waondoke na misaada mingine pia. Maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani kule Zanzibar, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni alama za upande wa pili wa hadithi hiyo. Mwaka huohuo Frank Carlucci, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Zanzibar, alifukuzwa nchini. Mwaka 1987 akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Leo kamandi ya jeshi la Marekani inayoshughulikia Afrika, AFRICOM, ina makao yake Stuttgart, Ujerumani. Uamuzi wowote kuhusu kambi za Ujerumani unaigusa.

Lakini jambo zito zaidi ni fedha. Februari 25, 2025, Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kwamba Uingereza itaongeza bajeti ya ulinzi, na itaitoa kwenye misaada ya nje, itakayoshuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Siku mbili baadaye alikuwa White House. Wakati huohuo Washington ilikuwa inaivunja USAID, iliyofunga rasmi shughuli zake Julai 1. Kliniki iliyokuwa inapata dawa za ARV upande mmoja na fedha za chanjo upande mwingine ilipigwa kutoka pande zote mbili za Atlantiki ndani ya miezi mitano. Katika mijadala yote ya Brussels na Washington kuhusu nani abebe mzigo, hili hutajwa kidogo sana.

Nifuatilie nini, hotuba ni nyingi?

Acha hotuba, tazama bajeti na kura. Bajeti ya Ujerumani kila mwaka itakuonyesha kama silaha zinanunuliwa kweli, na kutoka kwa nani. Uchaguzi wa rais wa Ufaransa ni 2027, na chama cha Marine Le Pen, ambacho miaka mingi kimetaka nchi itoke tena kwenye kamandi ya NATO, kina nafasi. Mwaka 2029 wanachama wa NATO watakagua njia yao ya kuelekea asilimia 5. Mwaka huohuo, Januari, Marekani itaapisha rais mwingine.